Kabla ya Kibodi: Somo la Kwanza la Kuandika Programu na Kupanga Data

Kila mwaka vijana wa kaunti yetu waliofanya mtihani wa KCSE hujiunga na vyuo vikuu kusomea sayansi ya kompyuta, uhandisi, takwimu na kozi nyingine zinazohitaji kompyuta. Wengi wao hukutana na somo la kuandika programu katika mwaka wa kwanza, kisha somo la miundo ya data. Masomo haya mawili huwatikisa hata wanafunzi waliotoka shuleni na alama nzuri. Aliyezoea kukariri huona kwamba kukariri hakumfikishi mbali, na asiyewahi kumiliki kompyuta hudhani ameachwa nyuma kabla ya kuanza.

Makala haya yanaeleza misingi ya masomo hayo kwa mifano ya ofisi, soko, zahanati na chama. Yamewalenga watu watatu: mwanafunzi anayejiandaa kuingia chuoni, mzazi au mlezi anayelipa karo na angependa kujua mtoto wake anasoma nini, na mkazi yeyote ambaye jina lake limo katika orodha inayotunzwa kwa kompyuta. Huyo wa tatu ni karibu kila mmoja wetu.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: anayeandika programu huamua jinsi habari zitakavyopangwa, na mpangilio huo huamua nani atahudumiwa kwanza, nani atasubiri, na jina la nani litapotea. Uamuzi huo hufanywa kwa kalamu na karatasi, kabla ya mtu kugusa kibodi.

Programu ni nini?

Programu ni maagizo yaliyoandikwa kwa mpangilio ili kompyuta iyafuate moja baada ya jingine. Kompyuta haikisii ulichotaka kusema. Inafanya ulichoandika.

Maagizo huandikwa kwa lugha maalumu. Lugha ya C ilibuniwa na Dennis Ritchie wa Bell Labs nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Python ilitolewa kwa umma mwaka wa 1991 na Guido van Rossum wa Uholanzi. Chuo kimoja kitaanza na C, kingine na Python au Java. Mwanafunzi asihangaike sana na tofauti hiyo, kwa sababu mambo matatu ya msingi yamo katika lugha zote hizo: kuhifadhi thamani chini ya jina fulani, kuamua kwa kutumia sharti, na kurudia kazi kwa kitanzi.

Tuseme chama cha ushirika cha wafugaji kimepokea maziwa ya wakulima wanne: lita 12, 9, 15 na 7. Programu ya Python ya kupata jumla ni hii:

maziwa = [12, 9, 15, 7]
jumla = 0
for lita in maziwa:
    jumla = jumla + lita
print(jumla)

Mstari wa kwanza unahifadhi orodha. Wa pili unaanzisha jumla kwa sifuri. Wa tatu ni kitanzi: unaiambia kompyuta ichukue kila thamani iliyomo katika orodha, moja moja. Wa nne unaongeza thamani hiyo kwenye jumla. Wa mwisho unaonyesha jibu.

Mstari wa nne huwasumbua wanaoanza. Katika hisabati ya shule, kusema jumla ni sawa na jumla kuongeza lita hakuna maana. Hapa alama ya = ni agizo: piga hesabu ya upande wa kulia, kisha weka jibu katika jina lililo upande wa kushoto. Thamani ya zamani inafutika.

Sasa chukua karatasi, chora safu mbili, uandike thamani za majina hayo kila kitanzi kinapozunguka:

lita 12, jumla 12
lita 9, jumla 21
lita 15, jumla 36
lita 7, jumla 43

Zoezi hili la kufuata programu kwa mkono, hatua kwa hatua, ndilo zoezi muhimu kuliko yote katika muhula wa kwanza. Linamwonyesha mwanafunzi kilichoandikwa badala ya alichodhani ameandika. Halihitaji umeme wala intaneti.

Fomu zilizo juu ya meza

Tutoke sasa kwenye programu twende kwenye miundo ya data, yaani namna za kupanga habari ili zitumike vizuri. Tuanze na ofisi yoyote inayopokea fomu za karatasi za kuomba basari.

Fomu ya kwanza inaletwa Jumatatu, karani anaiweka mezani. Ya pili inakuja Jumanne, anaiweka juu ya ile ya kwanza. Ya tatu inakuja Jumatano, inawekwa juu kabisa. Alhamisi karani anaanza kuzishughulikia, naye anachukua iliyo juu kwa sababu ndiyo iliyo karibu na mkono. Aliyekuja Jumatano anahudumiwa kwanza. Iwapo fomu mpya zitaendelea kuletwa kabla rundo halijaisha, aliyeamka alfajiri ya Jumatatu atakaa chini ya rundo, pengine hadi fedha ziishe. Karani hakumpendelea mtu wala hakumchukia mtu. Mpangilio ndio uliomnyima mwombaji haki yake.

Mpangilio huo unaitwa rundo, na mhadhiri chuoni ataliita staki. Kanuni yake ni kwamba kinachoingia mwisho hutoka kwanza. Mpangilio wa pili ni foleni, ambao mhadhiri atauita kyu: kinachoingia kwanza hutoka kwanza, kama watu waliopanga mstari kwenye kaunta.

Katika Python tofauti kati ya hizo mbili ni ndogo ajabu:

fomu = ["Jumatatu", "Jumanne", "Jumatano"]
fomu.pop()

Agizo hilo linatoa fomu ya Jumatano, iliyo mwisho wa orodha. Lakini ukiandika hivi:

fomu.pop(0)

fomu inayotoka ni ya Jumatatu, iliyo mwanzo wa orodha. Sifuri moja ndani ya mabano inabadilisha nani anahudumiwa. Programu zote mbili hufanya kazi bila kuonyesha kosa lolote, na kompyuta haiwezi kukuambia ipi ni ya haki. Hilo ni jukumu la anayeandika. Mwanafunzi atakuja kujifunza pia kwamba fomu.pop(0) huilazimisha kompyuta kusogeza kila kilichobaki hatua moja mbele, kwa hiyo foleni ndefu huwekewa muundo wake maalumu.

Haimaanishi kwamba rundo ni baya. Lina kazi zake. Unapoandika barua kwenye kompyuta kisha ukabonyeza kitufe cha kutengua, unataka kosa la mwisho litenguliwe kwanza, na hilo ni rundo. Vilevile, programu ikiacha kazi moja ili ifanye nyingine ndogo, hukumbuka ilikotoka kwa kuweka alama juu ya rundo. Mhisabati Mwingereza Alan Turing, katika mpango wake wa kompyuta uliowasilishwa mwaka wa 1946, aliyaeleza mambo haya kwa maneno yenye maana ya kuzika na kufukua: unazika mahali ulipoachia kazi, kisha unapafukua ili uendelee.

Foleni nayo si jibu la kila mahali. Katika zahanati, mtoto mwenye degedege hawezi kungoja watu 30 wenye mafua wamalizike. Hapo hutumika foleni ya kipaumbele: kila anayeingia hupewa kiwango cha dharura, na mwenye dharura kubwa huitwa kwanza. Wenye kiwango sawa hufuata jinsi walivyofika. Hata hivyo, muundo huu nao una hatari yake. Wagonjwa wa dharura wakiendelea kuingia, mzee aliyekuja kupimwa shinikizo la damu anaweza kukaa hadi jioni bila kuitwa. Dawa ya tatizo hilo ni kuongeza kipaumbele cha mtu kadiri anavyongoja. Mtihani wa chuoni unaweza kuuliza jambo hili hili kwa lugha ya kazi zinazongoja ndani ya kompyuta.

Orodha ya kaunti 47

Muundo wa tatu ni orodha yenye nafasi zilizohesabiwa, ambayo chuoni huitwa arei. Mfano mzuri tunao katika Katiba. Jedwali la Kwanza linaorodhesha kaunti 47 kwa nambari: Mombasa ni ya 1, Kwale ya 2, Kilifi ya 3, hadi Nairobi ambayo ni ya 47. Ukipewa nambari, unakwenda moja kwa moja kwenye nafasi yake bila kupitia nyingine. Hiyo ndiyo nguvu ya orodha. Kumbuka tu kwamba katika C, Java na Python nafasi ya kwanza huhesabiwa kuwa 0. Kwa hiyo Mombasa ingekaa nafasi ya 0 na Nairobi ya 46. Kusahau jambo hilo ni chanzo cha makosa mengi ya wanaoanza.

Lakini je, ukipewa jina badala ya nambari? Tuseme unatafuta Siaya katika orodha hiyo ya Katiba. Mpangilio wake haufuati alfabeti, basi huna njia ila kusoma kutoka mwanzo: Mombasa, Kwale, Kilifi, na kuendelea. Siaya ni ya 41, kwa hiyo utaangalia mara 41.

Sasa panga kaunti hizo hizo kwa alfabeti, kuanzia Baringo hadi West Pokot. Usianze mwanzo. Fungua katikati, nafasi ya 24, ambayo ni Mandera. Siaya iko baada ya Mandera, kwa hiyo nusu ya kwanza yote unaiacha. Katikati ya zilizobaki, nafasi ya 36, ni Nyeri. Siaya iko mbele zaidi. Katikati ya zilizobaki tena ni Trans Nzoia, nafasi ya 42, na sasa umepita, basi unarudi nyuma. Inafuata Taita-Taveta, nafasi ya 39, nayo pia umepita. Zimebaki Samburu na Siaya. Unaangalia Samburu, kisha unafika Siaya. Umeangalia mara 6 tu.

Njia hii huitwa utafutaji wa nusu kwa nusu. Kila ukiangalia mara moja, unaondoa nusu ya kazi iliyobaki. Kwa kaunti 47 huwezi kuzidisha mara 6. Kwa orodha ya majina 2,000, huwezi kuzidisha mara 11. Kwa majina 1,000,000, mara 20 zinatosha, ilhali kusoma kutoka mwanzo kunaweza kukuchukua mara 1,000,000. Hapa ndipo mwanafunzi anapoelewa kwa nini mfumo mmoja hujibu papo hapo na mwingine huwaweka watu kaunta nzima asubuhi, hata kama kompyuta zote mbili ni mpya.

Kuna sharti moja: orodha lazima iwe imepangwa. Kila jina jipya likija, linapaswa kuingizwa mahali pake na yaliyo mbele yake yasogezwe. Kwa hiyo unalipa gharama wakati wa kuingiza ili upate wepesi wakati wa kutafuta. Kila muundo wa data una mapatano ya aina hii, na kuyaeleza mapatano hayo ndiyo kazi kubwa ya somo lote.

Mwanafunzi anayekata tamaa kwa sababu ya makosa yake afahamu kwamba njia hii rahisi imewashinda hata mabingwa. Mwaka wa 2006 Joshua Bloch, mhandisi aliyekuwa akifanya kazi Google, alieleza hadharani kosa lililokuwa limejificha kwa takriban miaka 9 katika utafutaji wa nusu kwa nusu uliomo kwenye maktaba ya Java. Kosa lilikuwa katika mstari wa kutafuta katikati. Nambari mbili kubwa sana zilipojumlishwa, jumla ilizidi kiwango ambacho nafasi yake ingeweza kubeba, ikageuka kuwa nambari hasi. Kwa orodha fupi programu ilifanya kazi vizuri. Ilikwama orodha ilipokuwa kubwa mno.

Mnyororo wa chama

Muundo wa nne ni mnyororo. Fikiria chama cha akina mama 20 kinachopeana habari kwa simu. Mwenyekiti ana nambari ya mwanachama wa kwanza tu. Wa kwanza ana nambari ya wa pili, wa pili ana ya wa tatu, hivyo hivyo hadi wa mwisho. Hakuna aliye na orodha nzima.

Akija mwanachama mpya katikati, hakuna haja ya kumsogeza mtu. Aliye kabla yake anaandika nambari ya mgeni, na mgeni anaandika nambari ya anayefuata. Mabadiliko ni mawili tu, hata kama chama kina watu 20,000. Katika orodha ya nafasi zilizohesabiwa, kumwingiza mtu mwanzoni kungewasogeza wote.

Udhaifu wake nao uko wazi. Ukitaka kumfikia mwanachama wa 15, lazima upitie 14 walio mbele yake. Mmoja akipoteza nambari ya anayemfuata, wote walio baada yake hawapati habari. Chuoni, mwanafunzi anayebadilisha viungo vya mnyororo kwa mpangilio usiofaa hupoteza nusu ya data yake kwa mstari mmoja. Kanuni ni kumpa kwanza mgeni nambari ya anayefuata, kisha ndipo umwambie aliye kabla yake abadilishe yake. Chora visanduku na mishale kwenye karatasi kila mara kabla ya kuandika.

Kamusi, na majina yanayofanana

Muundo wa tano huitwa kamusi. Kama kamusi ya kawaida, unatumia neno kupata maana yake. Hapa neno huitwa ufunguo. Ukiupa mfumo ufunguo, hukuletea thamani yake bila kupitia nyingine zote. Muundo huu ni wa kasi sana, ndiyo maana unapendwa.

Uangalifu wote uko kwenye kuchagua ufunguo. Tazama programu hii ya kuhifadhi malipo ya basari:

malipo = {}
malipo["Amina"] = 8000
malipo["Amina"] = 5000
print(len(malipo))

Jibu litakuwa 1. Walikuwa Amina wawili, wa vijiji viwili tofauti. Shilingi 8,000 za yule wa kwanza zimefutwa na 5,000 za yule wa pili. Kompyuta haikulalamika wala haikuonyesha onyo, kwa kuwa imeagizwa kuweka thamani mpya mahali penye ufunguo huo. Msichana mmoja ataambiwa hayumo kwenye orodha, ilhali mama yake ana stakabadhi mkononi.

Ndiyo sababu mifumo mizuri hutumia ufunguo usioweza kufanana, kama vile nambari ya kitambulisho, nambari ya usajili ya mwanafunzi au nambari ya ombi. Mkazi anaposisitiziwa aandike nambari hizo kwa usahihi, sababu ni hiyo. Na iwapo habari zako zimeandikwa vibaya katika mfumo wowote, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inakupa haki ya kuomba zirekebishwe. Tunza stakabadhi yako na nambari ya ombi.

Mti wa kaunti

Muundo wa mwisho katika somo la kwanza ni mti. Serikali ya kaunti yenyewe imepangwa hivyo: kaunti hugawanywa kuwa kaunti ndogo, kaunti ndogo kuwa wadi, na wadi kuwa vijiji. Kila wadi iko chini ya kaunti ndogo moja tu.

Tuseme unataka kujua idadi ya visima katika kaunti nzima. Huhitaji kuzunguka mwenyewe. Unaziuliza kaunti ndogo, kila moja inaziuliza wadi zake, na kila wadi inaviuliza vijiji vyake. Kijiji hakina wa kukiuliza. Kinahesabu visima vyake na kujibu. Wadi inajumlisha na kupeleka juu, hadi jumla inafika kaunti. Swali ni lile lile katika kila ngazi.

Programu inayojiita yenyewe namna hii huitwa programu ya kujirejelea. Wanafunzi huiogopa, lakini ina mambo mawili tu ya kukumbuka: lini isimame, na namna ya kuunganisha majibu yanayotoka chini. Kikikosekana kijiji cha kujibu bila kuuliza zaidi, swali halikomi na programu huanguka. Na kisima kilicho mpakani kikiandikwa chini ya wadi mbili, kitahesabiwa mara mbili, kwa sababu kanuni ya mti imevunjwa.

Namna ya kusoma masomo haya

Kwa mwanafunzi, mambo haya husaidia:

1. Fuata kila programu kwa mkono kabla ya kuiendesha. Andika jibu unalotarajia, kisha ulinganishe na la kompyuta. Yakitofautiana, hapo ndipo pa kujifunza.

2. Usinakili kazi ya mwenzako au ya mtandaoni. Alama ya zoezi utaipata, lakini katika chumba cha mtihani utaachwa na karatasi tupu. Ukisaidiwa, funga msaada huo, uandike upya peke yako.

3. Soma ujumbe wa kosa hadi mwisho. Mara nyingi unataja nambari ya mstari wenye tatizo. Kosa lenyewe laweza kuwa katika mstari ulio juu yake.

4. Andika kidogo, jaribu, kisha ongeza. Anayeandika mistari 100 kabla ya kujaribu hajui kosa limetokea wapi.

5. Kabla ya kuchagua muundo, jiulize: nitatafuta mara nyingi au nitaongeza mara nyingi? Nani anapaswa kutoka kwanza? Je, funguo zinaweza kufanana?

6. Kukosa kipakatalishi katika wiki za kwanza kusikuvunje moyo. Tumia maabara ya chuo saa zenye watu wachache, na simu ya kisasa pia inaweza kuendesha programu fupi za Python. Sehemu kubwa ya mazoezi ya muhula wa kwanza hufanyika kwenye daftari.

7. Mweleze mtu mwingine ulichosoma. Ukiweza kumweleza nyanya yako tofauti ya rundo na foleni kwa sahani na mstari wa zahanati, umeielewa.

Kwa mzazi au mlezi: usiulize tu alama. Mwombe mwanao akuonyeshe programu moja aliyoandika wiki hii na akueleze kila mstari unafanya nini. Huhitaji kujua kompyuta ili kutambua anayeeleza na anayebabaisha. Akisema somo linamshinda, mhimize amwone mhadhiri mapema, kabla ya mtihani wa katikati ya muhula.

Maswali ya kujipima

1. Programu hii itaonyesha nambari gani?

idadi = [3, 8, 5, 10]
kubwa = idadi[0]
for n in idadi:
    if n > kubwa:
        kubwa = n
print(kubwa)

2. Matatu zimeegeshwa katika kichochoro chembamba chenye mlango mmoja tu. Ipi itatoka kwanza? Huo ni muundo gani?

3. Orodha ina majina 500 yaliyopangwa kwa alfabeti. Kwa kutafuta nusu kwa nusu, utaangalia mara ngapi kwa wingi zaidi?

4. Shule imehifadhi majina ya wanafunzi katika kamusi kwa kutumia nambari ya simu ya mzazi kama ufunguo. Kutatokea nini mzazi akiwa na watoto wawili katika shule hiyo?

Majibu

1. Ni 10. Thamani ya kubwa huanza 3, ikawa 8, ikabaki 8, kisha ikawa 10. 

2. Itatoka iliyoingia mwisho. Huo ni rundo. 

3. Mara 9, kwa kuwa ukizidisha 2 kwa 2 hadi ziwe 2 tisa unapata 512, ambayo inazidi 500. Ingekuwa mara 8 ungepata 256, nazo hazitoshi. 

4. Mtoto wa pili atamfuta wa kwanza. Shule itumie nambari ya usajili ya kila mwanafunzi, au kila ufunguo ubebe orodha ya watoto badala ya mtoto mmoja.